Kiapo cha Sarabi

Mgeni aliingia chumbani mchezo ukiwa karibu kuanza.

Hakubisha hodi. Chumba chenyewe hakikuwa na mlango. Kilikuwa chumba cha sauti, ndani ya simu, ambamo watu walikutana kila Ijumaa alasiri kucheza mafia, mchezo wa kudanganyana. Siku hiyo mchezaji mmoja alikuwa mgonjwa na kiti chake kikabaki wazi. Ghafla jina jipya likawaka kwenye kioo: Njiwa.

"Karibu, Njiwa," alisema Jamshid, mwendeshaji wa mchezo. "Tunakujua?"

"Bado," mgeni alijibu. "Mtanijua."

Kisha ukasikika mlio mdogo. Kipande cha sukari kiligonga meno, na chai ikapita juu yake.

Mahrokh aliacha kupumua.

Alikuwa amekaa nyuma ya pikipiki ya Honda, chini ya kivuli cha midanzi katika mtaa mmoja wa Shiraz, visikizio masikioni. Mlio ule aliujua. Alikuwa ameusikiliza kwenye mazungumzo yaliyonaswa mpaka akaanza kuuota: mwanamume asiye na sura wala jina, akinywa chai na sukari kati ya meno, akipatana bei ya kikombe cha fedha kilichofukuliwa katika kaburi la kale. Idara ya polisi, alikofanya kazi Mahrokh, ilijua jambo moja zaidi juu yake. Kila mara mali ilipobadilisha mikono, mtu huyo alikuwa akicheza mafia mtandaoni. Akikamatwa, wachezaji wenzake wote wangeshuhudia kwamba muda wote alikuwa nao.

Ndiyo maana Idara ilitawanya watu wake kwenye vyumba vya mchezo. Mahrokh alipewa chumba hiki tangu majira ya baridi. Humo aliitwa Sarabi.

Alizima kipaza sauti cha mchezo, akabonyeza redio.

"Afande. Mtu wa sukari yuko chumbani kwangu."

"Una uhakika?" Sauti ya Kanali Dehqan ilikuwa kavu kama mkate wa juzi.

"Namsikia akitafuna."

"Basi anakabidhi leo. Mafundi wanaufuata mnara wa simu yake. Wewe mshikilie mchezoni. Akitolewa tu, atazima simu na kile kikombe kitavuka bahari."

"Nimekuelewa."

"Asitoke, Mahrokh. Kwa njia yoyote."

Ruzbeh, aliyeshika usukani, aligeuza shingo. "Dada, tunacheza au tunakamata?"

"Vyote viwili. Twende."

Kadi zikagawiwa kwa ujumbe wa siri. Watatu mafia, waliobaki wananchi. Usiku wa mchezo vipaza sauti vyote huzimwa na mafia huua mmoja. Mchana wake mji hubishana, kisha hupiga kura ya kumtoa anayeshukiwa. Mahrokh alipata kadi ya mkaguzi. Kila usiku angeweza kumuuliza mwendeshaji, faraghani, juu ya mtu mmoja tu.

Aliuliza juu ya Njiwa.

Jibu likaja: *Mafia.*

Alitabasamu. Kwa mara ya kwanza mchezo na dunia vilisema neno moja.

Tabasamu halikudumu. Mchana ulipofunguka, mji mzima ulikuwa umeshamnusa.

"Huyu njiwa gani anatafuna kama mbuzi?" Pilipili, mcheshi wa kutoka Rasht, ndiye aliyeanza. "Bwana, meza kwanza, halafu utudanganye vizuri."

Watu wakacheka. Njiwa naye akacheka.

"Mbuzi hali wenzake," alijibu taratibu. "Angalieni anayepiga kelele. Mwenye kidonda ndiye anayefukuza nzi."

Alikuwa hodari. Hakujitetea. Kila aliposhtakiwa alimsifu mshtaki wake, akamgeuza polepole kuwa mshtakiwa. Hata hivyo kura zilikuwa zikimrundikia.

Ikafika zamu ya Tarlan.

Tarlan alikuwa mpishi wa keki huko Tabriz. Mahrokh hakuwahi kumwona uso, ila alikijua kicheko chake, alikijua kikohozi chake cha unga, na alijua jinsi mumewe alivyoshika Kitabu akaapa kwamba hakuna mke mwingine. Mke huyo alikuwapo. Tarlan alimsimulia hayo jioni moja baada ya mchezo, wengine wakiwa wameshaondoka.

"Unajua kwa nini nakipenda chumba hiki?" alimwambia siku ile. "Huku uongo una ukuta, dada. Kule nje hauna."

Ukuta wenyewe ulikuwa sheria moja, ya zamani kuliko chumba. Katika mafia unaruhusiwa kudanganya kadri unavyoweza. Kuapa huruhusiwi. Si kwa Mungu, si kwa mzazi, si kwa kaburi la yeyote. Anayeapa hutolewa mara kura ikiisha. Kadi ni mchezo. Kiapo si mchezo. Mahrokh hakuwahi kusikia mtu akiivunja sheria hiyo.

"Mimi namsubiri Sarabi," Tarlan alisema sasa. "Sarabi akisema, nitapiga kura na Sarabi."

Redio ikakoroma kwenye sikio la pili. "Mnara unatuonyesha mtaa mzima. Nyumba nyingi mno. Tunahitaji zaidi."

Na hapo, nyuma ya sauti ya Njiwa aliyekuwa ameanza utetezi wake, Mahrokh akasikia spika.

*"Friji kuukuu! Mashine za kufulia! Chuma chakavu tunanunua!"*

Ilikuwa pikapu, Nissan ya buluu ya mnunuzi wa vyuma. Sauti ilikua, ikasimama. Bibi mmoja akaanza kugomba: kipoza hewa chake kilikuwa kizima, feni tu ndiyo iliyokufa, na bei hiyo akampe mama yake. Njiwa akafunga dirisha. Alichelewa.

"Ruzbeh! Kuna Nissan ya chuma chakavu imebeba kipoza hewa. Mtaa huu huu. Itafute!"

Honda ikanguruma. Vichochoro vilikuwa vyembamba, kuta za udongo zikipita karibu na magoti. Paka akaruka. Mzee mwenye mikate kifuani akajibana ukutani, akawatakia kifo kwa lugha nzuri.

"Sarabi, zamu yako," Jamshid aliita. "Kisha tunapiga kura."

"Zima!"

Ruzbeh alizima injini. Pikipiki ikateleza kimya kwenye mteremko. Mahrokh akawasha kipaza sauti.

"Mimi ni mkaguzi," alisema. "Usiku nimemuuliza Njiwa. Ni mwananchi safi. Mkimtoa, mnawapa mafia ushindi."

"Ala!" Pilipili alimaka. "Mkaguzi anajifichua siku ya kwanza? Kwa ajili ya mgeni? Huyu ni mafia mwenzake, wallahi... Samahani, Jamshid, imenitoka, naifuta!"

"Futa haraka, Pilipili; ulimi ukiteleza nasamehe. Tupige kura."

Kura zikaanza kusomwa. Mbele, pembeni ya kioski cha faluda ya barafu, Ruzbeh aliiona Nissan. Kipoza hewa kilikuwa kimelala mgongoni mwake kama ng'ombe aliyechinjwa. Alishuka akikimbia. Mahrokh alibaki ameshika simu kwa mikono miwili.

Kura zilikuwa sawa. Ilibaki moja.

"Tarlan?" Jamshid aliuliza.

"Sarabi, mpenzi." Sauti ya Tarlan ilikuwa ya chini. "Sauti yako leo siyo. Nimekuzoea. Unapokuwa mwananchi huwa unapumua kabla ya kusema. Leo hupumui. Namtoa Nj..."

"Subiri!"

Ruzbeh alikuwa dirishani kwa dereva. Dereva alinyoosha kidole, akaelekeza, akahesabu kona. Dakika chache. Alihitaji dakika chache tu.

*Kwa njia yoyote.*

"Naapa kwa uhai wa mama yangu," Mahrokh alisema. "Njiwa si mafia."

Mamake Mahrokh alikuwa mzima, huko Nishapur. Asubuhi ile ile alikuwa ametuma ujumbe wa sauti akiuliza kama mwanawe amekula.

"Sarabi," Jamshid alisema kwa huzuni ya mtu aliyevunjiwa kikombe na mgeni. "Umefanya nini? Sheria unaijua. Kura ikiisha, unatoka."

"Hawezi kuapa bure," Tarlan alisema polepole. "Si Sarabi. Nimemwambia mambo yangu yote." Kisha akamwambia Sarabi mwenyewe: "Niahidi kitu kimoja. Mchezo ukiisha utarudi, utaniambia ukweli kwa mdomo wako. Na jina lako. Lako la kweli."

"Naahidi."

"Basi namwacha Njiwa."

Njiwa aliokoka. "Ahsante, dada," alisema, na sukari ikagonga meno.

Halafu haikugonga tena.

Mahrokh alisikia ukimya ule, akauelewa. Fundi wa uongo alikuwa akipiga hesabu. Yeye alijua kwamba kadi yake ni ya mafia. Basi aliyeapa, akiwa mkaguzi kweli, alijua pia. Na nani atamwapia mafia kiapo hasa, atolewe mchezoni, asipate faida? Ni yule tu aliyetaka Njiwa asizime simu.

Kiti kilikwaruza sakafu. Jina la Njiwa likazimika. Sekunde iliyofuata, Jamshid akamtoa Sarabi.

"Amejua! Afande, amejua!"

"Mlango wa kijani!" Ruzbeh aliruka juu ya Honda. "Jirani wa yule bibi!"

Walifika mlango ukifunguka. Mgeni wa ng'ambo mwenye suti ya kijivu alitoka na mkoba, akakutana na bega la Ruzbeh. Wote wawili wakaanguka. Mkoba ukafunguka, noti zikatawanyika. Kikombe hakikuwamo.

Mahrokh aliwapita, akakatiza ua wa nyumba, akapanda ngazi za paa. Mtu mwenye sweta ya kufuma, miwani ikining'inia kwa uzi, alikuwa ukingoni amekumbatia kifurushi cha blanketi. Alionekana kama mwalimu wa jiografia aliyestaafu.

Bastola ya Mahrokh ilitangulia. "Weka chini. Taratibu."

Mtu yule alimtazama mdomo, si bastola. "Sema tena."

"Weka chini!"

"Sarabi." Akatabasamu. Akaweka kifurushi chini kwa upole, kama anayemlaza mtoto. "Mimi ni mwizi, binti yangu. Nimeiba makaburini. Nimedanganya miaka yote ya kucheza. Lakini sijawahi kuapa mle ndani." Alinyoosha mikono kwa pingu. "Mama yako yu hai?"

Mahrokh alimfunga pingu. Mikono yake ilikuwa imara. Uso wake ulikuwa ukiungua.

Chini, magari ya Idara yalikuwa yamejaza kichochoro. Kikombe kilifunuliwa juu ya boneti ya Peugeot: fedha nyembamba, mbuzi wa milimani wakikimbizana kuzunguka ukingo. Watu wakapiga makofi. Ruzbeh alimletea Mahrokh faluda. Ikayeyuka mkononi mwake.

Kanali Dehqan alikuja mwenyewe. "Kazi safi. Lile la kiapo, hata mimi nisingelithubutu." Alimpa bahasha. "Wenzake wako Ahvaz, chumba kingine. Jina jipya, sauti ile ile. Lile jina la Sarabi lifute leo."

"Nina neno moja la kusema kabla sijafuta."

"Kwa nani?"

"Kwa mpishi wa keki, Tabriz."

Kanali alielewa upesi kuliko alivyotaka. "Ukilitaja jina lako mle ndani, sauti hiyo imekwisha. Hakuna Ahvaz. Utakaa ofisini ukinukuu kanda mpaka ustaafu. Kwa ajili ya mtu ambaye hutamwona maishani?"

"Niliahidi, afande."

"Uliapa pia!"

"Ndiyo," Mahrokh alisema. "Ndiyo maana."

Alimrudishia bahasha. Akaenda kukaa kwenye kizingiti cha mlango wa kijani, akapiga simu Nishapur kwanza. Mamake alipokea akihema kutoka bustanini, akamwuliza kama amekula. Alisema amekula. Ulikuwa uongo mdogo, na hata huo aliujutia.

Kisha akafungua chumba. Mchezo ulikuwa umekwisha, na nje ya mchezo mlango uko wazi kwa yeyote. Mji ulishindwa, wengine walikwishaondoka. Jina moja tu lilikuwa bado linawaka.

"Tarlan."

"Nipo."

"Naitwa Mahrokh. Nilikuwa mkaguzi kweli, na Njiwa alikuwa mafia. Nilijua. Niliapa uongo." Akavuta pumzi. "Niliingia chumba hiki kwa kazi. Mengine niliyokwambia juu yangu ni uongo. Uliyoniambia wewe sijamwambia mtu."

Mahali fulani Tabriz, trei iliwekwa juu ya meza.

"Sasa unapumua," Tarlan alisema.

Jina lake likazimika.

Mahrokh alitoa visikizio, akaviviringisha, akaviweka mfukoni. Akapita katikati ya magari, makofi na noti zilizokanyagwa, akashika njia ya ofisini kwa miguu.