Ukumbi wa Namtende Haubomolewi

Asubuhi hiyo Moza alikuwa kwenye baraza ya ukumbi wa kijiji cha Namtende. Alikuwa anabangua korosho na wenzake, kama walivyofanya kila siku. Mara puu! Bonge la plasta likaangukia ungo wake. Korosho zikaruka huku na huku.

"Balaa gani hili!" Moza akafoka. "Miaka miwili tu tangu tupige plasta, na ukuta unamomonyoka kama mkate uliolowa chai!"

Mwenyekiti wa kijiji, Yassini, alikuwa anapita. Akacheka.

"Bi Moza, jengo limechoka hilo. Ijumaa tuna mkutano. Tunabomoa, tunajenga fremu za maduka."

Moza akasimama. Ana miaka sitini, lakini akikasirika hata mbuzi wanampisha.

"Mbomoe nini? Mliujenga ninyi?"

Ukumbi ule waliujenga wazee wao kwa mikono yao, Moza akiwa mtoto. Wanaume walivunja mawe mlimani. Wanawake walibeba maji ya chokaa. Mama yake, Maftaha, chokaa ilimuunguza mguu, na kovu akaenda nalo kaburini. Ndani ya ukumbi huo mama yake alijifunza kusoma, katika kisomo cha watu wazima. Leo pabomolewe ili watu wauze soda? Thubutu!

Moza akaenda moja kwa moja kwa Optatus, fundi mwashi mzee. Optatus alikarabati nyumba za kale za Kilwa Kivinje kwa miaka mingi. Kwa hasira Moza akasahau hata shikamoo.

"Fundi, njoo uone! Saruji waliyotuuzia ni feki!"

Optatus akaja na nyundo yake. Akagonga ukuta hapa, akagonga pale. Akabandua plasta kidogo. Mawe ya ndani yalikuwa yamelowa chapachapa.

"Saruji hii ni nzima," akasema. "Kosa ni kuipaka hapa. Ukuta huu ni wa mawe, udongo na chokaa. Maji yakiingia, chokaa inayaacha yatoke. Saruji inayafungia ndani. Ukuta unaoza taratibu. Nani aliwashauri?"

Wanawake wakatazamana. Kisha wakamgeukia Moza.

Mshauri alikuwa yeye. Korosho zilipopata bei nzuri, yeye ndiye aliyepita nyumba kwa nyumba. Kila kaya mfuko mmoja wa saruji! Chokaa, alisema, ni mambo ya kimaskini. Asiyetoa alimsema mbele ya watu mpaka akatoa.

"Kwani nani amekuuliza habari za mshauri?" Moza akamkaripia Optatus. "Umeitwa kutazama ukuta, unaleta maneno!"

Optatus akamwita kwa mkono. Akafungua stoo ya nyuma. Humo saruji haikufika, ilikuwa imeisha. Ukuta ulikuwa bado na chokaa ya wazee.

"Shika," akasema.

Moza akaweka kiganja. Pakavu. Akashika tena, huku na huku. Pakavu kabisa! Moyo ukamuuma. Hasira yote aliyokuwa anawatupia wengine ikamrudia mwenyewe.

Ijumaa baada ya sala watu wakajaa ukumbini. Yassini akasema tena habari za kubomoa. Vijana wakapiga makofi. Moza akanyanyuka.

"Anayetaka kulaumu jengo, anilaumu mimi. Saruji niliwalazimisha mimi. Nilijifanya najua, na sikumuuliza fundi hata mmoja. Jengo halijachoka. Mimi ndiye niliyeliumiza!"

"Sasa unataka tufanyeje?" Yassini akauliza kwa kejeli. "Tulipe jengo pole?"

"Mtuachie kiangazi kimoja, tuurudishie ukuta chokaa! Ukuta ukishindwa, nyundo ya kwanza nitashika mimi."

Watu wakaguna. Kisha Huseni, mume wake, akanyoosha mkono. Wa pili, wa kumi, mpaka mikono ikazidi nusu ya watu. Wakapewa kiangazi hicho.

Optatus akawafundisha. Kwanza walibandua saruji polepole, wasivunje mawe. Wakauacha ukuta ukauke wiki nyingi. Wakachimba mtaro ili maji ya mvua yasisimame chini ya ukuta. Wakarefusha paa.

Chokaa walinunua ya mawe ya nchi kavu. "Msiende kuvunja matumbawe baharini," Optatus akaonya. "Ni marufuku, na samaki watakosa makazi."

Walipofika kwenye shimo walilochimba la kulowekea chokaa, akawasimamisha wote.

"Chokaa mbichi, ambayo haijalowekwa, ndiyo inayotiwa kwenye maji, kidogo kidogo. Usimwagie chokaa maji! Itachemka ikurukie machoni. Vaeni glavu na miwani. Watoto wakae mbali."

Moza akakumbuka mguu wa mama yake. Yeyote aliyesogea bila glavu alipigiwa kelele mpaka akazivaa.

Chokaa ilikaa shimoni miezi miwili, imefunikwa na magunia yaliyolowa. Kisha wakaichanganya na mchanga safi, usio wa pwani, maana chumvi inaharibu ukuta. Wakalowesha mawe, wakapaka tabaka jembamba, koti la kwanza. Likakauka taratibu, ndipo wakapaka la pili, isipokuwa ukuta wa nyuma.

Masika ikaja na hasira zake. Mvua ikanyesha siku tisa mfululizo. Siku ya kumi Moza akaenda ukumbini peke yake. Akashika ukuta wa mbele, akashika wa kulia. Kwa nje maji yalikuwa yanakauka. Kwa ndani palikuwa pakavu. Akakaa kwenye sakafu akalia, na hapo hakumkasirikia mtu.

Yassini akachungulia mlangoni, amevaa kanzu safi.

"Shikamoo, Bi Moza. Hongereni sana. Binti yangu anaolewa mwezi ujao. Nilikuwa naomba ukumbi wetu huu."

Moza akafuta macho. Akamtazama juu mpaka chini.

"Marahaba. Ukumbi wetu, eeh? Vua kanzu, ndoo ile pale. Ukuta wa nyuma bado haujapata koti la pili."

Yassini akavua kanzu. Akaenda kuchota maji.