Mfuko Wenye Jina la Yusta

Jua lilikuwa linazama Makere, na Shamsia alibakiza shimo moja tu. Mwaka ule wa 2014 alizunguka Kasulu nzima akichota udongo, maana mvuke wa moto ulio chini sana huacha dalili zake juu: zebaki kidogo, gesi kidogo. Ukizichora dalili hizo kwenye ramani, unajua pa kuchimba mvuke wa kuzalisha umeme. Ila shimo la mwisho liliangukia mlangoni kwa bibi mmoja, Yusta, na kwa haraka zake Shamsia akaandika kwenye mfuko jina la mwenye nyumba badala ya namba.

Bibi akautazama mfuko. Midomo ikamkauka.

"Udongo wa nyayo zangu, na jina langu juu yake," akanong'ona. "Mwanangu, abarozi, wachawi wetu hawa, hawahitaji zaidi ya hivyo."

"Unakwenda maabara, bibi. Hakuna atakayeugusa."

Akaondoka akicheka moyoni. Msomi huyo.

Katikati ya migomba, mfuko ukaanza kupata joto mkononi. Joto la ardhi, akajiambia. Kisha harufu... ya nywele zinazoungua.

Mtu alikuwa amesimama njiani. Mrefu, nadhifu, miguu mitupu isiyo na vumbi.

"Nipe huyo Yusta," alisema taratibu. "Nimemtafuta miaka mingi. Umenirahisishia."

Nyuma, nyumbani kwa bibi, kikohozi kilianza. Kikavu. Hakikomi...

Shamsia aliogopa. Lakini hasira ikauzidi woga. Yaani kosa lake yeye limuue bibi wa watu? Akatoa kalamu ya wino mzito, akalifuta jina la Yusta mpaka likawa doa jeusi. Chini yake akaandika: SHAMSIA.

"Unataka jina? Chukua langu. Aliyechimba ni mimi."

Kikohozi kikakatika.

Yule mtu akatabasamu, akarudi nyuma migombani. Hata jani halikutikisika.

"Shamsia..."

Kwao Tanga alifundishwa tangu utotoni: ukiitwa magharibi na usiyemwona, usiitike. Anayeitika amekwenda.

Akanyoosha shingo.

"Abee," akaitika, kwa sauti ya kufika hadi kwa Yusta. "Nipo. Njoo."

Hakuna aliyekuja. Majibu ya maabara yakasema udongo ule ni wa kawaida, chini yake hakuna mvuke wala moto. Bibi Yusta bado analima maharage yake.

Na Shamsia, popote alipo, kila magharibi huitwa.

Kila magharibi huitika.