Mwonjaji wa Rubisi

Kila Jumamosi Jovita alikuwa na kazi tatu: kuchota maji, kufagia uani na kumtafuta baba yake. Mbili za kwanza zilikuwa na mwisho. Hiyo ya tatu ilimchosha.

Kijijini kwao Ijumbi, mtu akitengeneza rubisi, pombe ya ndizi, hakukaribisha wageni mpaka mwonjaji aseme imeiva. Mwonjaji alikuwa Ishengoma, baba yake Jovita, fundi seremala hodari. Kila aliyefunua pombe yake alimwita, naye hakujua kukataa. Ukimuuliza, alijibu kwamba kuonja si kunywa. Mikono ilishaanza kumtetemeka asubuhi, na bado alijibu vivyo hivyo.

Jumamosi moja kijiji kizima kilikuwa kwenye kazi ya ujamaa, kujenga zahanati. Paa lilimngoja fundi, na fundi haonekani. Jovita alimkuta kwa mzee Karugendo, nyumba ya tatu tangu asubuhi, mrija mdomoni. Alimwondoa hapo, akamvuta kwa hasira, maana njiani baba alisimama kumsalimia kila mtu, na mara moja aliusalimia mgomba.

"Tata, leo usipande juu," alimsihi baba yake.

"Sijalewa, mwanangu. Nimeonja tu."

Akapanda. Akakanyaga pasipo na mbao, akaanguka na kuvunjika mkono wa kulia. Jovita alilia kwa huruma, na kwa hasira vilevile, kwa sababu alikuwa amesema.

Mama Anatolia, muuguzi aliyeletwa kuhudumia zahanati hiyo, aliufunga mkono kwa vibao. Ishengoma akaanza tena wimbo wake wa kuonja.

"Ubongo haujui kuonja wala kunywa," Mama Anatolia alimkatiza. "Pombe ikifika tumboni huingia kwenye damu, na damu huipeleka kichwani upesi. Hulegeza akili inayopima hatari, kisha huharibu mizani ya miguu. Ndiyo maana mtoto alijua umelewa kabla yako. Ini huiondoa polepole, nawe hukuliachia nafasi ya kupumua. Na kutetemeka kwako asubuhi si baridi. Ni mwili unaoidai pombe."

Ishengoma alimtazama binti yake, akainamisha kichwa. Aliuliza kwa sauti ndogo kama ataweza kushika nyundo tena. Mama Anatolia alimjibu kwamba mfupa utaunga, lakini pombe lazima aiache, na yeye atakuja kumwangalia kila siku mpaka mwili uizoee hali hiyo.

Siku moja Mama Anatolia alipokuja kumwangalia, Karugendo aliingia na kibuyu cha rubisi na mrija. Mgonjwa haendi kwenye pombe, alisema, basi pombe imemfuata. Jovita alichoka kabisa, akangoja kusikia neno lile lile.

Ishengoma aliusukuma mrija kwa mkono wake mzima. "Onja mwenyewe, Karugendo. Mimi nina paa la kumaliza."

Karugendo aliondoka akinung'unika. Mama Anatolia akamgeukia Jovita.

"Nanyi watoto, ambao ubongo wenu bado unakua, msianze kabisa. Pombe unaweza kuipa jina dogo upendavyo, hata kuonja, lakini mwili huipokea yote."