Kisanduku cha Amri

Kivukoni Likoni watu walikuwa wakisukumana kushuka, bahasha ya Mwanatabu ikapasuka, karatasi zikatapakaa miguuni mwa abiria. Aliyeinama kumwokotea alikuwa kijana wa Kigiriama, kaptura yake ya khaki imepigwa pasi, mikono yanuka mafuta. Akaisoma moja, uso ukambadilika.

Mwanatabu alikuwa karani wa taipu katika ghala la mafuta Changamwe. Kijana huyo, Mwarandu, ndiye aliyefungua na kufunga vali za mabomba huko huko, kila moja na nambari yake, kwa kufuata kijitabu alichokuwa akikipiga binti huyu.

"Amri zimezama ndani ya maelezo, dada," alimwambia. "Bomba likipasuka, mtu hasomi hadithi. Kila amri iweke mstari wake, uizungushie kisanduku."

Mwanatabu alimcheka, akamwita mwalimu. Lakini ofisini alizipiga upya: FUNGA 4, chini yake FUNGUA 7, ndani ya kisanduku. Tangu hapo wakawa wanapigiana simu kila adhuhuri, wakitaniana hadi karani mwenzake akakohoa.

Kijitabu kilipochapishwa, bwana mkubwa wa ghala alikuwa ameviondoa visanduku ili kurasa zipungue. Kikasomeka: "Fungua 7 ukishafunga 4." Mwarandu alidhani ni Mwanatabu aliyebadili. Hakupokea simu tena.

Alasiri moja king'ora kikalia. Chengo, mfanyakazi mgeni, alikuwa amesoma "Fungua 7" akaifungua hapo hapo kabla ya kufunga 4. Mafuta yakafurika, na Mwarandu akaingia chumba cha mabomba kuifunga.

Mwanatabu alikimbia, buibui limemteleza mabegani. Alisimama mlangoni akiomba pasitokee cheche. Dakika zikapita. Hatimaye Mwarandu akatoka amelowa mafuta, macho hayafunguki.

"Sikuviondoa mimi," Mwanatabu alisema, akimpangusa kwa ukaya wake wa kichwani. "Lakini nilijua, nikahofia kazi yangu, nikanyamaza."

"Nami nilihofia kukuuliza," akajibu.

Kesho yake Mwanatabu alipiga ukurasa mmoja wenye visanduku, akaubandika ukutani karibu na vali, bwana mkubwa akimtazama. Bwana mkubwa hakuubandua.

Adhuhuri simu ikalia.

"Nitume wazee wangu kwenu Likoni, kuposa?"

Mwanatabu alimpa mgongo karani mwenzake. "Baba atakuuliza dini."

"Najua. Naogopa kuliko nilivyoogopa jana."

"Hata mimi," akasema. "Watume Ijumaa, baada ya sala."