Kitu cha Baridi kwa Wifi

Jua lilikuwa limeanza kulegea Filda alipotoka nyumbani kwake Arua Hill kwenda kununua chumvi ya mawe na nusu chupa ya waragi, pombe kali ya huko. Maziwa na mayai alikuwa amekwisha kuyapika asubuhi, yamepoa ndani ya friji ya mafuta ya taa. Majirani wakamsalimu, naye akaitika kwa uchangamfu wake wa siku zote. Hawakujua kwamba kabla ya kurudi angepita nyuma ya soko, kwa bikizee mmoja anayeuza mizizi na unga wa kila namna.

"Unataka ya kufukuza ama ya kumaliza?" bikizee alinong'ona.

"Ya kumaliza."

"Huyo mutu iko na jina gani?"

"Santina. Iko mutu ya Koboko."

Bikizee alikuwa tayari amekunja karatasi yenye unga wa kijivu. Akasita. Akasogeza pua karibu na shingo ya Filda, akanusa... akarudi nyuma.

"Hii dawa inaua mutu iko hai," alisema. "Ile ingine mimi hapana jua."

Filda aliona ni maneno ya biashara tu. Akafunga karatasi kwenye pindo la kitenge, akaenda zake.

Huyu Filda hakuwa mtu wa kuonewa huruma, na mimi simwonei. Mwaka themanini, vita vilipowatoa watu Koboko mbio kuelekea Zaire, alitembea na Santina, mjane wa kaka yake, aliyebeba kichanga cha miezi mitano. Filda hakuwa na mtoto. Mimba tatu zilikuwa zimemharibikia, na kila alipomwona wifi yake akinyonyesha, roho ilimwuma. Siku ya pili homa ikamwangusha Santina kando ya njia. Akaomba maji. Filda akamwambia, "Nipe mtoto, mimi naenda kuchota." Akamchukua mtoto. Akachukua na kidumu, ambacho kilikuwa na maji nusu. Hakugeuka nyuma hata mara moja.

Ng'ambo ya mpaka alisema yeye ni mjane, na mtoto ni wake, anaitwa Viktoria. Kenyi, dereva, akamwoa akiamini hivyo. Sasa ulikuwa mwaka themanini na tisa. Walikuwa wamerudi, Kenyi anaendesha lori la misaada, Viktoria anaimba kwaya kanisani na kumwita Filda mama. Kwa neno hilo moja Filda angeweza kumwua yeyote.

Halafu juzi, saa sita ya mchana, mwanamke akasimama getini.

"Wifi."

Alikuwa Santina. Mwembamba, miguu myeupe kwa vumbi hadi magotini.

"Mimi nakuja kuchukua mtoto yangu," alisema taratibu, bila hasira. "Kesho kutwa, magharibi. Lakini ukiwa na kitu ya kunywa, wifi, utanipa. Ya baridi. Tangu siku ile kiu haiishi."

Mwingine angeanguka chini aombe radhi. Filda alisema, "Karibu sana. Nitakutengenezea kitu."

Alijua cha kutengeneza. Alikuwa amempikia mama mmoja Mwitaliano hapo hapo kilimani, na mama yule alipoondoka alimwachia friji, ndoo ya aiskrimu, na namna ya kuichanganya na pombe ikawa kinywaji cha wageni wa heshima. Ndoo yenyewe ilikuwa ya mbao, katikati mkebe wa bati, juu mpini wa kuzungusha. Filda akamimina maziwa mkebeni, akashindilia barafu na chumvi pembeni. Viktoria akashika mpini.

Krr... krr... krr...

"Mama, mgeni iko nani?"

"Mutu ya zamani. Zungusha."

Mpini ulipokuwa mzito, Filda akafungua. Nyeupe, laini, inanukia vanila. Akampa mtoto kikombe chake kwanza, maana waragi ilikuwa bado. Waragi haitiwi mapema. Pombe haikubali kuganda, na ukiiwahisha utazungusha mpini hadi mkono ufe na utabaki na uji. Hutiwa mwishoni, kwenye glasi, nayo hulegeza kila kitu, kwa hiyo mgeni hunywa upesi kabla haijawa maji.

Na huko kulegea ndiko alikokutegemea. Kwa watu wa kwao, anayempa mgeni kinywaji huonja kwanza mbele ya macho yake, mgeni ajue moyo ni safi. Basi unga wa kijivu ukaenda chini kabisa ya glasi. Juu yake aiskrimu, kijiko baada ya kijiko, na juu kabisa waragi na sukari. Angeonja ya juu. Joto la mikono ya mgeni lingeyeyusha iliyobaki na kuuchanganya unga ndani yake. Akili ya kishetani, lakini akili.

Hakusikia geti. Hakusikia hatua. Alipotoka barazani na glasi, Santina alikuwa amekwisha kukaa.

Hewa ilinuka vumbi... na maziwa ya mama yaliyochacha.

"Onja, wifi," Santina alinong'ona.

Filda akachota ya juu, akala, akatabasamu. "Tamu."

Santina akaipokea glasi kwa mikono miwili. Hakula. Aliishika tu, akimtazama Viktoria aliyekaa kwenye ngazi, aiskrimu ya kikombe chake ikimchuruzika vidoleni.

Filda akasubiri. Joto la Arua halikawii.

Dakika ikapita. Na nyingine.

Ukungu mweupe ukapanda kwenye kioo, kutoka vidoleni kwenda juu. Santina akagonga kwa kijiko.

Ko. Ko.

Jiwe.

Aiskrimu yenye waragi! Filda alikuwa ameitengeneza mara nyingi kuliko alivyoweza kukumbuka, na alijua kitu hicho hakiwezekani. Kwa mara ya kwanza akayaelewa maneno ya bikizee.

"Mikono yangu siku hizi hapana yeyusha kitu," Santina alisema. "Poni. Kuja."

Jina hilo, alilopewa mtoto alipozaliwa, halikuwa limetamkwa kwa miaka tisa. Mtoto akainuka, akaja, bila hata kuuliza ni nani anayeitwa.

"Imetengenezwa kitu tamu. Mimi haiwezi kula. Chukua wewe."

Akamwekea glasi mikononi. Vidole vyake vilipoachia tu, jiwe likalegea. Likashuka. Michirizi ya kijivu ikapanda kutoka chini, ikaenea. Viktoria akainua glasi mdomoni.

"Usile!"

"Kwa nini, mama?"

"Eh, wifi," Santina alinong'ona. "Ambia yeye kwa nini."

Filda akanyoosha mkono aipige glasi imwagike. Santina akaweka kiganja chake kwenye shingo ya mtoto, polepole, na mtoto akatetemeka mwili mzima, midomo ikapauka.

"Hapana mwaga. Kati yenu, mumoja atakunywa."

Filda akainyakua, akanywa. Alikunywa huku machozi yakimtoka, meno yakigonga kioo, uchungu wa unga ukimkwama kooni chini ya utamu wote ule.

"Chini imebaki," Santina alisema.

Filda akapitisha kidole kwenye glasi, akalamba. Akapitisha tena.

Viktoria akaangua kilio. "Mama amemaliza yote peke yake!"

Santina akainama, akamnong'oneza mtoto sikioni. Alinong'ona kwa muda mrefu, na mtoto akanyamaza, akatikisa kichwa kukubali. Kisha kiti kikawa kitupu.

Sumu haikumwua Filda. Ilimkamua kila kilichokuwa tumboni, ikamlaza hospitali siku tatu hajitambui vizuri, na daktari akasema ana bahati. Kenyi aliporudi na lori alikaa kando ya kitanda, akajitahidi kumchangamsha kwa habari za safari.

"Huko Koboko mzee moja Lomoro anakusalimu," alisema. "Anasema kaka yako alioa binti yake, Santina. Masikini, alikufa njiani mwaka ile ya kukimbia. Watu wa nyuma walimkuta, wakazika. Mdomo ilikuwa imejaa udongo ya bonde. Alikuwa anaifyonza, sababu ya kiu." Akamtazama mkewe. "Ulijua?"

"Hapana," Filda alisema.

Siku ya nne nguvu zilianza kumrudia, na akafurahi, kwa sababu aliona ameshinda. Amekunywa, hakufa, na mtoto bado ni wake. Alfajiri Viktoria akaingia na kikombe cha uji.

"Shangazi, leo unaweza kusimama?"

Filda akakisukuma kikombe pembeni. "Nani alikufundisha kuniita hivyo?"

"Mama," mtoto alisema, uso umejaa furaha. "Alisema siku shangazi akisimama, ndiyo anakuja kuchukua mimi. Mimi iko tayari. Gauni nimeshakunja."

Muuguzi aliyekuwa akipita akasimama. "Haya, mama Viktoria. Daktari amesema leo utembee kidogo."

Filda akaikunja miguu yake chini ya shuka. Aliisikia ina nguvu, nyama na mifupa.

"Haiwezi," alisema.

Mtoto akanuna. "Basi kesho?"

Kenyi alimrudisha nyumbani kwa kumbeba mgongoni. Madaktari wawili wamempima, hawaoni ugonjwa. Na kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Viktoria huja kitandani na gauni lake mkononi, kumwuliza kama leo atasimama.