Linda wa Abdulrahman

Zainabu alikuwa amevaa abaya mpya ya kijivu, mtandio wa rangi ya zabibu, na viatu vya visigino virefu ambavyo hakuna mwenye akili angevivaa siku ya mechi. Lakini yeye hakujua kama kuna mechi. Alitoka zake kazini, kwenye chumba cha dobi cha hoteli, akashuka stesheni ya Msheireb, Doha, abadilishe treni, akajikuta katikati ya maelfu ya watu wenye jezi na ngoma. Mtu akamsukuma kwa nyuma. Kisigino kikateleza.

Kabla hajaanguka, mwanamume mkubwa ajabu aliingia kati yake na umati. Alimpa mgongo Zainabu, akapanua miguu, akashusha nyonga, akainua viganja usawa wa kifua. Watu wakamgonga na kupita pembeni, huku na huku. Yeye hakutikisika.

"Ahsante, kaka," Zainabu aliuambia ule mgongo.

Hakujibiwa. Akazunguka amtazame. Macho ya yule mtu yalikuwa wazi lakini hayakumwona yeye wala stesheni, na midomo yake ilikuwa ikicheza bila sauti. Zainabu alisisimkwa mwili mzima. Mara yule mtu akapepesa macho, akatabasamu vizuri tu.

"Sasa? Nimekukanyaga?"

"Hujanikanyaga. Umenizibia mlango wa treni."

"Woi, pole! Ni mazoea ya kazi."

"Kazi gani hiyo ya kuziba watu?"

"Futiboli ya Wamarekani. Mimi ni wa mstari wa mbele. Mwenye mpira anasimama nyuma yangu, mimi nazuia wanaotaka kumvunja."

"Na wewe mpira unaushika saa ngapi?"

"Siushiki."

"Miaka yote?"

"Miaka yote."

Zainabu alicheka mpaka akashika ukuta. Treni yake ikaondoka, na hakuisikitikia.

Jina lake lilikuwa Abdulrahman, mtu wa Mumias, Kenya. Alicheza raga shuleni, chuo kimoja cha Kansas kikamchukua kwa ajili ya mabega yake. Timu kubwa zikamwita, zikamjaribu, zikamwacha. Akaenda Kanada, Meksiko, Ujerumani. Kila alikofika aliziba pengo la mtu aliyeumia, na mwenyewe akipona, Abdu anafunga begi. Sasa alikuwa mlinzi wa hoteli, anaishi mtaa wa Najma, na kila Ijumaa alifanya mazoezi uwanja wa Al Rayyan na timu ya wafanyakazi wa kigeni. Bado alisubiri simu ya timu moja ya Poland, maana mchezo ndio kitu pekee alichowahi kuambiwa kwamba anakiweza.

Walipendana upesi, na wapendanao wa Doha wanajua kwamba mapenzi ya huku yanaishi ndani ya simu.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula. Wewe je, tembo wangu?"

"Tembo ni nani? Nimepunguza kilo!"

"Umezipunguza wapi? Mbona sijaziona zilikoangukia?"

Hivyo ndivyo walivyokuwa, mpaka jioni moja baada ya Magharibi. Zainabu alikuwa akikunja kanga zake, simu ikaita, jina la Abdu.

"Haloo, baba."

Zikaja pumzi nzito, zikifuatana, na sauti ambayo ilikuwa yake na haikuwa yake, tambarare, kama mtu anayezungumzia ndani ya tangi tupu.

"Linda. Linda. Anakuja. Linda."

Simu ikakatika. Baada ya muda mfupi ikaita tena. "Sasa, malaika! Umeshindaje leo?" Ni yeye yule, mchangamfu, kama kwamba ndiyo kwanza anapiga.

Zainabu hakumuuliza siku hiyo. Zilipokuja simu nyingine za namna ile, moja mchana wa jua kali, nyingine alfajiri, na kila mara jina ni lile lile, uvumilivu ukamwisha.

"Abdu, Linda ni nani?"

"Linda? Kwani nani amekuambia?"

"Wewe! Unanipigia mimi unamwita yeye!"

"Aki Zai, mimi sijakupigia."

"Simu yangu nayo inasema uongo? Jamani, mwanamke mwenzangu ungemficha vizuri basi!"

Abdu angeweza kumweleza. Alijua vizuri sana Linda ni nini. Lakini alitazama simu yake, akaziona zile simu alizopiga, hakukumbuka hata moja, akaogopa. Akaona afadhali aitwe mzinzi.

"Sina la kusema," alijibu. Zainabu akakata, na tangu hapo hakupokea tena.

Ila moyo haukumtulia. Ijumaa, baada ya Alfajiri, alivaa raba safari hii, akaenda Al Rayyan kwenye mazoezi ya Abdu, akamwone huyo Linda kwa macho yake.

Ukungu wa Januari ulikuwa umefunika uwanja wote. Alisikia kabla ya kuona: miguu mizito, miguno, kofia ngumu zikigongana. Kisha akawaona watu wameinama kwa mstari, mkono mmoja chini, vyuma mbele ya nyuso, hakuna mwenye sura. Hakuna aliyepumua. Ghafla sauti moja ikapaa:

"Linda! Linda!"

"Linda! Linda!" wakaitikia wote, na mstari mzima ukahamia kushoto kwa pamoja, ukamezwa na ukungu.

Zainabu alishika waya wa uzio. Nywele zilimsimama. Mwenye sauti ile, mkubwa kuliko wote, alitoka mazoezini akaja upande wake, akavua kofia. Abdu. Alimtazama usoni, karibu kabisa, akampita kama anavyopita mtu nguzo.

"Abdu!"

Hakugeuka.

"Nyabo, dada yangu, mwache kwanza," alisema Augustine, dereva Mganda aliyecheza naye bega kwa bega, akimsogelea na chupa ya maji. "Akishagongwa anakuwa hivyo. Atarudi."

"Na huyo Linda?"

"Linda si mtu. Majina ya wanawake ni amri za mstari. Rita, tunaenda kulia. Linda, kushoto, kumkinga mwenye mpira. Abdu ametuambia kwa Kiswahili chenu 'linda' ni kukinga, hata halihitaji kufundishwa." Akashusha sauti. "Daktari alimkataza kucheza, bana. Kichwa kimechoka. Na hao wa Poland wameshapiga, wanamtaka."

Abdu aliporudi, macho yalikuwa yamempata mwenyewe. Alimwona, kofia ikamponyoka.

"Zai! Umekuja saa hii?"

"Nimekuja kitambo. Umenipita."

Alikaa chini kwenye nyasi zenye umande, mtu mzima yule, akaanza kulia. Alimwambia yote: siku zinazopotea, njia ya Najma anayoisahau, aibu.

"Ulikubali nikuchukie kwa sababu ya mwanamke asiyekuwepo," Zainabu alisema kwa hasira, naye analia. "Wewe mjinga."

"Niliogopa utaniacha."

"Nilishakuacha, mbona niko hapa? Sikiliza. Ukienda Poland, watarudisha mtu asiyenijua. Mimi nataka huyu, na hata kama ni nusu yake, nitaichukua. Chagua."

"Nikiacha mchezo, Zai, nitakuwa nani?"

"Sijui. Tutamwona pamoja."

Abdu alifikiri sana. Kisha akachukua simu, akawapigia wa Poland mbele yake, akasema hapana, asante, khalas, imekwisha. Mchana huohuo, kwenye kibanda cha karaki, chai ya maziwa, huko Najma, vikombe vya karatasi mkononi, Augustine akiwa shahidi, Abdu alimwomba Zainabu ruhusa apeleke posa Tanga kwa baba yake. Zainabu alikubali, Augustine akapiga vigelegele vya kiume mpaka Wapakistani wa duka la jirani wakatoka kutazama.

Kesho yake Zainabu alikuwa kazini, kati ya marundo ya shuka za moto, simu ikaita.

"Zai, uko busy?" Sauti ilikuwa yake kabisa, yenye wasiwasi na utamu. "Kuna kitu nataka kukuuliza. Nimekifikiria sana, leo nimepata nguvu."

Zainabu alikaa polepole juu ya shuka. "Uliza, baba."

"Ningetaka... ukikubali lakini... nipeleke posa kwenu Tanga."

Mashine zilikuwa zikiunguruma. Alifunga macho.

"Nimekubali, Abdu. Peleka."

Kule upande wa pili alicheka kwa furaha ya mtu aliyesikia neno hilo kwa mara ya kwanza. "Mbona unalia sasa?"

"Nimefurahi."

"Usimwambie mtu, sawa? Nataka Augustine aisikie kwangu kwanza. Nampigia mara tu nikitoka kuongea na mudiri, bosi wetu."

"Sawa, mpenzi. Mwambie wewe."

Alikata, akajifuta uso kwa ncha ya shuka, akabonyeza haraka namba nyingine.

"Augustine, Abdu atakupigia sasa hivi ana habari. Ukipokea, shangaa."

"Nitashangaa, nyabo," alisema.