Gari Lipi Litampeleka Lucky kwa Bibi?

Salvina anauza mtindi Kiboriloni, Moshi. Mume wake, Jovin, anaongoza watalii mlimani. Mtoto wao ni Lucky, msichana wa miaka kumi na moja. Lucky aliugua akiwa mdogo, na miguu yake ikakosa nguvu. Anatumia kiti cha magurudumu. Mikono yake ina nguvu sana, na mdomo wake hauchoki.

Jioni moja Salvina alikuwa uani akiosha madumu ya mtindi. Lucky alikuwa akimenya ndizi za kiburu, chakula cha ndizi na maharage. Jovin aliingia mbio, simu mkononi.

"Mama Lucky! Wenye yadi wamekubali! Kesho tunayajaribu yote mawili!"

"Magari?" Lucky alipiga kelele. Ndizi ilimponyoka ikaanguka chini.

Gari lao la zamani la petroli lilikuwa limekufa kabisa. Tangu hapo, safari ya kwenda Mkuu, Rombo, kwa Bibi Justina, ilikuwa shida. Magari ya abiria yalijaa watu na mizigo. Kiti cha Lucky kilikosa nafasi. Jovin alikuwa akienda peke yake, na Lucky akibaki nyumbani na mama yake. Pasaka ya pili ilikuwa imepita bila Lucky kumwona bibi yake.

Sasa Jovin na Salvina walitaka kununua gari la umeme. Walikuwa wamebakiza mawili ya kuchagua, jeusi na la kijani. Hapo ndipo walipobishana wiki nzima.

"Jeusi linakwenda mbali zaidi," alisema Jovin. "Betri yake ni kubwa. Na paa lake ni kioo kitupu! Utauona mlima ukiwa umekaa."

"Mlima nauona kila siku bure," alijibu Salvina. "La kijani lina nafasi."

"La kijani limekaa kama kabati!"

"Basi mimi nataka kabati."

Mlango wa uani uligongwa. Aliingia Elisifa, jirani yao. Alikuwa amekuja kuchukua mtindi wa watoto wake. Elisifa ni fundi wa magari ya umeme, na anawafundisha vijana kazi hiyo chuoni.

"Shikamoo, mama mkubwa," alisema Lucky.

"Marahaba, mwanangu. Mbona kelele zinafika mpaka kwangu?"

Jovin alimwonyesha picha. "Dada Elisifa, tuamue. Lipi ni bora?"

"Yote ni mazuri, Baba Lucky. Lakini bora kwa nani? Kwa siku ya kawaida mnakwenda wapi?"

"Shuleni kwa Lucky. Sokoni. Mjini," alisema Salvina.

"Na safari yenu ndefu?"

"Mkuu kwa mama," alisema Jovin. "Kwenda na kurudi."

"Basi jaribuni magari kwa safari hizo. La muhimu zaidi, mwende na Lucky, kiti chake na madumu yenu. Msinunue gari kwa picha. Kesho nina nafasi. Nitakuja na kifaa cha kupimia betri."

Usiku ule Lucky hakupata usingizi vizuri.

Asubuhi walifika kwenye yadi ya magari mjini Moshi. Muuzaji, kijana aitwaye Jesse, aliwapokea kwa furaha. Elisifa aliunganisha kifaa chake kwenye gari moja, kisha lingine. Magari yote yalikuwa yameshatumika nje ya nchi.

"Kwa nini unapima?" aliuliza Salvina. "Si yanawaka?"

"Betri huchoka polepole, kama betri ya simu," alisema Elisifa. "Gari linaweza kung'aa nje, huku betri yake imepungua nguvu. Ukinunua gari lililotumika, pima betri kwanza. Hizi mbili bado ni nzima."

Walianza na jeusi. Lilikuwa zuri kwelikweli. Jovin alilizunguka akitabasamu peke yake. Alimbeba Lucky akamweka kwenye kiti cha nyuma, kisha akawasha. Skrini iling'aa, na sauti ya mwanamke ikawasalimia kwa Kichina.

"Marahaba!" alijibu Lucky. Wote wakacheka, hata Jesse.

"Lugha ya hili bado haijabadilishwa, bosi," alisema Jesse. "Fundi wetu anaihangaikia."

"Hakikisheni imebadilishwa kabla ya kulipa," alisema Elisifa. "Gari likitoa onyo barabarani, lazima ulielewe."

Jovin alikunja kiti cha magurudumu akakiingiza kwenye buti. Alijaribu kufunga mlango wa nyuma. Haukufunga. Alikilaza kiti upande. Haukufunga. Paa la gari lile liliteremka sana kwa nyuma. Jovin alivua koti, akajaribu tena huku jasho likimtoka.

"Ukitoa magurudumu, kitaingia," alisema Jesse.

"Kila siku shuleni niyatoe na kuyarudisha?" aliuliza Salvina. "Na mtindi niuweke wapi?"

Jovin alikitoa kiti kwenye buti. Alimtazama Lucky, na Lucky alikuwa amenyamaza. Hiyo haikuwa kawaida yake.

"Ni gari zuri," Jovin alisema mwishowe. "Lakini si letu. Twende kwenye kabati la mama yako."

Buti la kijani lilimeza kiti cha Lucky mara moja. Madumu mawili ya mtindi nayo yaliingia. Jovin alikitoa tena kiti, akamsogeza Lucky nacho mpaka mlangoni. Kiti cha gari kilikuwa na kimo sawa na kile cha magurudumu. Lucky alishika mpini, akajivuta, akakaa. Hakuna aliyembeba.

"Nimepanda mwenyewe!" alisema. "Mama, umeona? Nimepanda mwenyewe!"

Salvina aliona. Alimfunga mkanda.

Lakini Jovin bado alikuwa na hofu. Betri ya gari lile ilikuwa ndogo. Je, ingepanda mpaka Mkuu na kurudi?

"Nendeni mkaone," alisema Jesse. "Dada Elisifa yupo nanyi, sina wasiwasi."

Waliondoka betri ikiwa na asilimia themanini. Mpaka Himo mambo yalikuwa shwari. Baada ya hapo barabara ilianza kupanda, na namba ikaanza kushuka. Walipopita Marangu, Jovin alizima kiyoyozi. Walipofika Mwika, alikuwa akiitazama namba kila mara.

"Inashuka haraka, dada," alisema.

"Ni lazima ishuke. Tunapanda mlima tukiwa wanne. Umbali ulioandikwa kwenye tangazo ni wa njia nzuri na mwendo wa wastani. Mlima, mzigo na mwendo mkali hula umeme zaidi. Ndiyo maana tumekuja kujaribu huku huku."

Walipofika Mkuu walitoka kwenye lami wakashika njia ya mawe kuelekea kwenye kihamba, shamba la migomba la Bibi Justina. Tumbo la gari halikugusa jiwe hata moja. Waliposimama, betri ilikuwa na asilimia hamsini na nne.

Bibi Justina alitoka kwenye migomba akiwa na kisu cha kukatia majani. Hakuwa amesikia gari likija. Alimwona Lucky dirishani.

"Lucky wangu?"

"Shikamoo, bibi!"

Kisu kilianguka. Bibi hakuitikia hata marahaba. Alifungua mlango, akamkumbatia mjukuu wake, akalia na kucheka kwa pamoja. Kisha akamwambia Jovin, "Nangoja nini hapa? Nateremka nanyi. Nafasi si ipo?"

Nafasi ilikuwepo. Alimwagiza jirani awape ng'ombe majani, akabadilisha kanga, akapanda.

Baada ya Marangu mteremko mrefu ulianza. Betri ilionyesha hamsini na moja.

"Sasa achia mafuta taratibu, Baba Lucky," alisema Elisifa.

"Mafuta?" aliuliza bibi. "Si mmesema gari hili halina mafuta?"

Gari zima lilicheka. Elisifa alieleza. "Ni mazoea tu, mama. Ni kile kikanyagio cha kuongeza mwendo. Akikiachia kwenye mteremko, magurudumu yanazungusha mota, na mota inatengeneza umeme. Umeme unarudi kwenye betri."

"Hamsini na mbili!" alipiga kelele Lucky. "Baba, imepanda! Hamsini na mbili!"

"Usinitanie," alisema Jovin.

"Tazama! Hamsini na tatu!"

Jovin alitazama, akapiga honi bila sababu. Bibi alipiga vigelegele. Watu waliokuwa kando ya barabara walidhani ni harusi.

"Haurudi wote," alionya Elisifa akicheka. "Na breki bado ni kazi yako, Baba Lucky. Usizisahau."

Walifika Kiboriloni wakiwa na umeme wa kutosha siku nyingine nzima.

Walilirudisha gari kwa Jesse, kisha wakalinunua, lakini siku hiyo hawakulichaji nyumbani. Jovin alitaka kuvuta waya wa ekstensheni kupitia dirishani, Elisifa akamkataza. "Waya mwembamba utapata moto, utaunguza nyumba." Fundi umeme mwenye leseni alikuja akaweka waya mnene kutoka kwenye swichi kuu, wenye swichi yake ya kukata umeme na waya wa ardhini. Elisifa aliwashauri wasisubiri betri ikauke, maana umeme unaweza kukatika wakati wowote.

Sasa Lucky hufika shuleni mapema. Salvina amepata wateja wapya wa mtindi mpaka sokoni Kwa Sadala. Jovin hulipangusa gari hata siku lisipokuwa na vumbi.

Na Bibi Justina? Wiki tatu zimepita, na bado yuko Kiboriloni.

"Mama, nikurudishe Mkuu lini?" Jovin alimuuliza asubuhi moja.

Bibi alikuwa ameshakaa kiti cha mbele, mkanda umefungwa, mkoba mapajani.

"Una haraka gani, wewe? Ng'ombe wana mtu wa kuwatazama. Leo tunapeleka mtindi Kwa Sadala. Lucky, mwite mama yako, tunachelewa!"